Dawa ya thairoidi imebadilika kampuni, na mwili umeshtuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila boksi linapobadilika rangi dukani, maswali haya hurudi: dawa ni ileile, mbona moyo unanienda mbio? Mbona nimerudia kulala mchana kama zamani? Wapo wanaojibiwa kwamba ni mawazo tu. Wapo wanaotishwa na waliyoyasikia hadi wanaiacha dawa kabisa. Wote wanaumizwa bila sababu, kwa kuwa jambo lenyewe linapimika na lina utaratibu wake. Majibu yaliyomo hapa hayachukui nafasi ya daktari wako. Yatakusaidia kwenda kwake ukiwa na swali lililonyooka.

## Mambo ya msingi

Dawa hii inafanya kazi gani hasa?

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Homoni zake ndizo zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani, na kila kitu kinazifuata: mapigo ya moyo, joto, choo, usingizi, hedhi, hata kumbukumbu. Tezi ikichoka, ikiondolewa kwa upasuaji au ikiunguzwa kwa madini joto yenye mionzi, homoni inabidi itoke nje.

Inayotolewa kwa wagonjwa wengi ni levothairoksini, yaani T4, homoni kuu ya tezi hii, iliyotengenezwa kiwandani. Kwenye boksi utaona imeandikwa Levothyroxine Sodium, juu yake pakiwa na jina la biashara: Euthyrox, Eltroxin, Thyronorm na mengine. Homoni hii ilitengwa kwa mara ya kwanza na Edward Kendall katika Mayo Clinic, Marekani, siku ya Krismasi mwaka 1914, na leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kama kiambato ni kilekile, kwa nini kampuni mbili zinifanye nijisikie tofauti?

Kidonge cha mikrogramu 100 kina homoni ya uzito wa sehemu moja ya elfu kumi ya gramu. Kilichobaki chote, ambacho ndicho unachokiona na kukishika, ni vijazio: laktosi, manitoli, wanga, selulosi, pengine na rangi. Vijazio havitibu. Lakini ndivyo vinavyoamua kidonge kiyeyuke upesi kiasi gani tumboni, na ndivyo vinavyoilinda homoni isiharibike kabla hujaimeza. T4 haivumilii joto, unyevu wala mwanga.

Isitoshe, hata siku yenye kila jema, utumbo hufyonza kati ya asilimia 60 na 80 tu ya ulichomeza. Kampuni moja ikiyeyuka vizuri tumboni mwako na nyingine ikasuasua, dozi uliyoandikiwa ni moja lakini inayofika kwenye damu si moja.

Tofauti ndogo kiasi hicho inaweza kuhisiwa kweli?

Kwa baadhi ya watu, ndiyo. Levothairoksini ni miongoni mwa dawa ambazo nafasi kati ya kidogo mno na kingi mno ni finyu, na ndiyo maana madaktari huipandisha kwa mikrogramu 12.5 au 25 kwa wakati mmoja.

Ubongo nao ni mkali wa kuhesabu. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni iitwayo TSH ili kuiamrisha thairoidi: T4 ikipungua TSH hupanda, ikizidi TSH hushuka. Na TSH huruka kwa kishindo kuliko T4 yenyewe: T4 ya kwenye damu ikibadilika mara mbili, TSH inaweza kubadilika hadi mara mia. Mabadiliko ambayo kipimo cha T4 kinaona ni madogo, TSH huyatangaza kwa sauti.

Fikiria pia kilichomo kwenye kidonge. Hadi mwaka 2007, sheria za Marekani ziliruhusu kidonge kiwe na kati ya asilimia 90 na 110 ya kiasi kilichoandikwa. Maana yake vidonge viwili vya 100, vyote halali, vingeweza kuwa kimoja na 90 na kingine 110. Pengo la 20 linakaribia ngazi nzima ya dozi! Mwaka huo mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ilibana kiwango kuwa asilimia 95 hadi 105, na kidonge lazima kibaki humo hadi siku ya mwisho wa matumizi. Mamlaka haingejisumbua hivyo kwa jambo la kufikirika.

Basi ninunue dawa ya kampuni kubwa badala ya jenerika, yaani dawa yenye kiambato kilekile isiyo na jina kubwa la biashara?

Si lazima. Jenerika iliyosajiliwa na kutunzwa vizuri inatibu sawasawa na yenye jina kubwa. Mwaka 2022 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani uliofuatilia zaidi ya watu 15,000 waliokuwa wakitumia jenerika. Miongoni mwa waliobaki na kiwanda kilekile, asilimia 82.7 walikuwa na TSH ya kawaida. Miongoni mwa waliobadilishiwa kiwanda, asilimia 84.5. Kwa wengi, kubadilishiwa hakukuvuruga chochote.

Ninachosisitiza mimi ni kutulia na moja. Dozi yako ilipatikana kwa kupimwa ukiwa unameza kidonge fulani. Ukibaki na hichohicho, jenerika au siyo, hesabu yote inabaki mahali pake.

Mamlaka zimesema dawa hizi zinalingana. Mimi nani nibishe?

Kulingana kunapimwa kwa wastani. Watu wenye afya wanapewa dawa A, kisha dawa B, damu inapimwa, na wastani wa kundi zima unalinganishwa. Kwa dawa za kawaida, makadirio ya kiwango cha dawa B yanatakiwa yaangukie kati ya asilimia 80 na 125 ya kile cha dawa A. Kwa dawa yenye nafasi finyu kama hii, Ulaya hubana zaidi, takribani 90 hadi 111.

Wastani, hata hivyo, unaweza kukaa katikati huku mtu mmoja akiwa juu na mwingine chini. Wala hilo halimaanishi kwamba mamlaka imedanganya. Imejibu swali kuhusu watu wengi, nawe unauliza kuhusu mtu mmoja. Swali lako linajibiwa na kipimo chako cha damu. Mfano wa Ufaransa, chini kidogo, unaonyesha mabishano haya yanafika wapi.

## Yaliyokwisha kutokea kwingine

Ni kweli Ufaransa watu walifikishana mahakamani kwa sababu ya dawa hii?

Ni kweli. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Ufaransa iliiomba kampuni ya Merck iifanye dawa yake ya Levothyrox iwe imara zaidi, ili kiasi cha homoni kisipungue kidonge kikikaa. Fomula mpya iliingia madukani Machi 2017: laktosi ilitolewa, zikawekwa manitoli na asidi ya sitriki. Homoni haikuguswa. Watu wapatao milioni tatu walikuwa wakitumia dawa hiyo, na karibu wote walihamishwa kwa mpigo, wengi wakidhani ni boksi tu lililobadilika.

Malalamiko yalimiminika: uchovu, kichwa kuuma, kukosa usingizi, kizunguzungu, misuli kuuma, nywele kunyonyoka. Hadi kufikia majira ya kuchipua ya 2018, ripoti rasmi za madhara zilikuwa zimepita 31,000. Ilibidi serikali iruhusu fomula ya zamani iletwe kutoka Ujerumani kwa jina la Euthyrox, kuanzia Oktoba 2017.

Wataalamu waligawanyika. Jaribio la Merck lililokuwa na watu 204 wenye afya lilionyesha wastani unalingana vizuri. Mwaka 2019, Didier Concordet wa Toulouse na wenzake walizichambua upya takwimu hizohizo wakaandika kwamba zaidi ya nusu ya watu hao, akitazamwa mmoja mmoja, walikuwa nje ya mipaka ya ulinganifu. Wapinzani wao walijibu kuwa hata ukimpa mtu kidonge kilekile mara mbili, damu yake haitoi namba ileile. Jibu hilo nalo lina uzito. Mamlaka ya dawa kwa upande wake ilichunguza rekodi za watu zaidi ya milioni mbili na haikuona ongezeko la magonjwa makubwa.

Mahakama ya Rufaa ya Lyon iliamua Juni 2020 kwamba Merck iwalipe walalamikaji zaidi ya 3,300 euro 1,000 kila mmoja, na mahakama ya juu ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2022. Hukumu haikusema dawa ilikuwa mbovu. Iliegemea kwenye kutoelezwa: watu hawakuambiwa waziwazi kwamba vijazio vimebadilika. Kwangu mimi hilo ndilo la kushika katika kesi nzima. Mgonjwa anayemeza dawa maisha yake yote ana haki ya kuambiwa kidonge chake kikibadilika.

Hizo si hofu tu za watu kusikia habari?

Hofu ina nguvu zake, na New Zealand walilishuhudia hilo. Mwaka 2007 Eltroxin ilibadilishiwa fomula na kiwanda. Ndani ya miaka 30 iliyotangulia mamlaka ilikuwa imepokea ripoti 14 tu za madhara. Ndani ya miezi 18 baada ya mabadiliko zikapita 1,400. Vidonge vilipopimwa, homoni ilikuwa sawa, na ripoti zilipanda zaidi pale ambapo vyombo vya habari vilivuma zaidi. Mtu akitarajia madhara, mwili unaweza kuyatoa, na maumivu hayo ni maumivu ya kweli.

Lakini tukiishia hapo tutawadhulumu wengine. Uholanzi, mwaka 2016, dawa iitwayo Thyrax iliadimika na wagonjwa wakahamishiwa kampuni nyingine kwa dozi ileile. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba wengi waliokuwa kwenye mikrogramu 100 au zaidi walikuwa wamezidishiwa dawa. TSH haisomi magazeti. Kwa hiyo mtu akisema amebadilika, asibishiwe wala asikubaliwe kwa maneno matupu. Apimwe.

## Kutambua kama tatizo ni dawa mpya

Nitajuaje kama dawa mpya inanizidi au inanipungukia?

Ikikuzidi: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, joto lisilo na sababu, kukosa usingizi, choo laini mara kwa mara, uzito kupungua, hasira za karibu. Ikikupungukia: uchovu mzito, kuhisi baridi wakati wenzako wanapepewa, choo kigumu, ngozi kukauka, uso kuvimba asubuhi, nywele kukatika, uzito kupanda, hedhi kuwa nzito.

Dalili hizi si za thairoidi peke yake. Upungufu wa damu, kukoma hedhi, malaria, msongo wa mawazo, vyote vinaweza kujifananisha nazo. Andika tarehe uliyoanza boksi jipya, jina la kampuni na namba ya toleo iliyochapwa kwenye pakiti, kisha dalili na siku zilipoanza. Karatasi moja ya namna hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Maumivu ya kifua, moyo unaodunda ovyo, kupumua kwa shida au kuzimia ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Nilianza kujisikia vibaya siku ya pili tu baada ya kubadilisha. Inawezekana?

Mabadiliko ya kiwango cha homoni hayaji kwa siku mbili. T4 hukaa mwilini muda mrefu: inachukua takribani siku saba nusu yake kuondoka, kwa hiyo damu huhitaji wiki tano au sita kutulia kwenye kiwango kipya. Kinachojitokeza ndani ya siku moja au mbili, kama vile mwasho, vipele, tumbo kujaa au kuharisha, kinaelekeza zaidi kwenye kijazio au rangi (tazama swali la aleji hapa chini), au kwenye jambo lingine kabisa.

Nipime lini, na nipime nini?

TSH, wiki sita hadi nane baada ya kuanza kampuni mpya. Ukipima baada ya wiki mbili utapata namba ambayo bado iko safarini. Dalili zikiwa kali, daktari anaweza kupima mapema pamoja na T4 huru (ile isiyoshikwa na protini za damu), kisha akarudia. Kiwango cha TSH kinachotajwa na maabara nyingi kwa mtu mzima ni kama 0.4 hadi 4.0, mipaka ya maabara yako imechapwa pembeni mwa majibu.

Pima maabara ileile uliyozoea, saa zilezile za asubuhi, na siku ya kipimo meza kidonge baada ya kutolewa damu. Na kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache angalau siku mbili kabla. Biotini huvuruga baadhi ya mashine za maabara: inaweza kuonyesha TSH ya chini na T4 ya juu wakati huna tatizo lolote, ukapunguziwa dawa kimakosa.

## Kabla ya kuilaumu kampuni

Ninaimeza pamoja na chai ya asubuhi. Ina shida?

Ina shida, hasa chai ya maziwa na kahawa. Mara nyingi "dawa mpya haifanyi kazi" huwa ni kidonge kilekile kinachoshindana na kifungua kinywa. Meza kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha subiri nusu saa hadi saa nzima. Asubuhi zikikubana, meza usiku wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha jioni. Chagua moja, ubaki nalo.

Vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu na dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi vikae mbali na levothairoksini kwa saa nne. Omeprazole na wenzake hupunguza asidi inayohitajika kukiyeyusha kidonge, kwa hiyo ukianza au ukiacha kuitumia, mjulishe daktari. Magonjwa ya tumbo kama vidonda vinavyotokana na bakteria wa H. pylori nayo hupandisha mahitaji ya dozi. Sasa, mtu aliyeanza dawa za kuongeza damu mwezi uleule aliobadilishiwa kampuni, atamlaumu nani? Angalia yote mawili.

Joto la kwetu linaweza kuiharibu?

Linaweza. Boksi nyingi zinaagiza dawa itunzwe chini ya nyuzi 25 au 30, na chumba cha bati Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari kinapita hapo bila shida. Usiiache kwenye gari, dirishani, juu ya friji wala jikoni karibu na jiko. Iache ndani ya karatasi yake ya kiwandani hadi dakika ya kuimeza. Ukiimwaga kwenye kichupa cha wazi, unyevu wa pwani utaifikia. Baadhi ya fomula huvumilia kuliko nyingine, na hii ni mojawapo ya sababu za kweli za chapa mbili kutofautiana kwetu kuliko kwenye nchi za baridi.

## Dukani

Famasi wamekosa kampuni yangu. Nisubiri?

Usikae wiki kadhaa bila dawa kwa kusubiri jina. Siku moja au mbili hazitakudhuru kwa jinsi T4 inavyokaa mwilini, lakini baada ya hapo chukua kampuni iliyopo kwa dozi ileile, andika tarehe, na panga kipimo kama ilivyoelezwa juu. Kampuni zako zikikatika mara kwa mara, chagua pamoja na daktari ile inayopatikana mwaka mzima mahali unapoishi, hata kama si uliyoipenda kwanza.

Mwombe daktari aandike jina la kampuni kwenye cheti, pamoja na jina la dawa. Mwombe pia mfamasia akwambie kabla hajabadilisha, na kama uwezo upo nunua ya miezi mitatu kwa mkupuo mmoja, ukitazama tarehe ya mwisho. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa ushauri wa namna hiyo Mei 2021: mgonjwa anayelalamika kila anapobadilishiwa aandikiwe bidhaa moja mfululizo.

Jina kwenye boksi halijabadilika. Nina uhakika dawa haijabadilika?

Hapana. Levothyrox ilibaki na jina lake Ufaransa huku ndani ikiwa nyingine, na fomula ile mpya baadaye ilipelekwa nchi nyingine kwa jina la Euthyrox. Fungua karatasi ya maelezo, tafuta orodha ya viambato, linganisha na ya boksi la zamani. Ni vizuri kutunza karatasi moja ya zamani kwa ajili hiyo.

Ndugu yangu ameniletea kutoka India. Naweza kuitumia?

Tazama mambo manne: pakiti haijafunguliwa, tarehe haijapita, haikukaa kwenye joto safarini, na dozi ni ileile. Hilo la mwisho ndilo linaloponza. Boksi nyingine huandika kwa miligramu: 0.1 mg ni mikrogramu 100, 0.05 mg ni 50, na 0.025 mg ni 25. Nukta ikisomwa vibaya unameza mara kumi au sehemu ya kumi. Kwenye nchi nyingine utakuta pia dozi kama 88 au 112 ambazo huenda usizipate nyumbani, kwa hiyo waliotibiwa nje wamwombe daktari wa huko dozi itakayopatikana watakaporudi. Baada ya hapo, ihesabu kama kampuni mpya na upime.

Nianze kuongeza au kupunguza mwenyewe hadi nijisikie vizuri?

Tafadhali usifanye hivyo. Dawa inayozidi kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kuuvuruga mdundo wa moyo, hasa kwa wazee, na mtu anaweza kujisikia mwepesi na mchangamfu wakati madhara hayo yanaendelea. Kipimo kwanza, dozi baadaye.

## Hali za pekee

Nina mimba, na famasi wamenibadilishia kampuni.

Wasiliana na kliniki wiki hiyohiyo. Mtoto hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo, na mahitaji ya dawa hupanda mapema. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa mwaka 2017 unashauri dozi iongezwe kwa asilimia 20 hadi 30 mara mimba inapothibitika, kwa mfano vidonge viwili vya ziada kwa wiki, na TSH ipimwe takribani kila wiki nne hadi katikati ya mimba. Anayepanga kushika mimba apewe maelekezo hayo na daktari wake mapema. Ikiwezekana kampuni isibadilishwe kabisa kipindi hiki. Ikishindikana, usiache kumeza.

Niliondolewa tezi kwa ajili ya saratani. Kubadilisha kuna hatari zaidi kwangu?

Kuna umakini zaidi. Kwa baadhi ya waliotibiwa saratani ya thairoidi, daktari hukusudia TSH iwe chini kuliko kawaida, kwa hiyo mtelezo mdogo unaweza kukutoa kwenye lengo. Tena huna tezi iliyobaki ya kufidia upungufu. Mjulishe daktari kila unapobadilishiwa, hata kama hujisikii lolote. Wenye ugonjwa wa moyo na wazee wafanye vivyo hivyo.

Ninafunga Ramadhani. Nifanyeje ili nisichanganye mambo?

Saa zikibadilika na kampuni ikibadilika kwa pamoja, hutajua lipi limekuvuruga, kwa hiyo usianze kampuni mpya mwezi huo kama una hiari. Wengi humeza usiku, baada ya kupita muda wa saa tatu tangu futari wakiwa hawajala kitu katikati, au nusu saa hadi saa moja kabla ya daku. Usiku wa pwani una vitafunio vingi kati ya tarawehe na kulala. Anayejijua hatavikwepa achague kuamka mapema kabla ya daku.

Nimetoka vipele na kuwashwa. Nina aleji ya levothairoksini?

Ni nadra sana kuwa na aleji ya homoni yenyewe, kwa sababu ni ileile ya mwili. Mshukiwa wa kwanza ni rangi au kijazio. Huko Marekani, ambako kila dozi ina rangi yake, kidonge cha 50 ni cheupe kisicho na rangi, na madaktari hukitumia kama jaribio: anayemeza 100 hupewa viwili vya 50. Kwingine, mfamasia anaweza kukutafutia kampuni isiyo na kijazio unachokishuku. Midomo au uso ukivimba, au pumzi ikibana, kimbilia hospitali.

Maziwa hunichafua tumbo. Laktosi ya kwenye kidonge itanidhuru?

Kikombe cha maziwa kina kama gramu 12 za laktosi; kidonge kina chini ya gramu moja, kiasi ambacho wengi hawakihisi. Wachache huhisi, na baadhi yao huhitaji dozi kubwa zaidi kwa sababu ya ufyonzaji. Zipo fomula zenye manitoli badala yake, ingawa hiyo nayo huwasumbua watu wengine kwa kuharisha. Hakuna kijazio kinachomfaa kila mtu.

TSH yangu ni ya kawaida, lakini tangu nibadilishiwe sijisikii mimi. Nimwambie nini daktari?

Mwambie hivyohivyo, na umwonyeshe TSH ya kabla na ya sasa. Kutoka 0.9 hadi 3.6 zote ni kawaida kwenye karatasi, lakini kwa mwili uliozoea 0.9 hayo ni mabadiliko, na daktari anaweza kuona inafaa kurekebisha dozi kidogo. Kama namba hazikusogea kabisa, achunguze damu, vitamini D na B12, sukari, usingizi, na hali ya moyo wako kwa maana ya huzuni na wasiwasi. Kurudi kampuni ya zamani, ikipatikana, ni ombi halali kabisa. Wiki sita hadi nane baada ya kurudi, pima tena.

Niripoti wapi?

Mwambie mfamasia au daktari akusaidie kujaza fomu ya madhara ya dawa. Tanzania inapokewa na mamlaka ya dawa, TMDA, Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu, Uganda na mamlaka ya dawa ya taifa. Taja kampuni na namba ya toleo. Bila namba hiyo, tatizo la boksi moja haliwezi kutenganishwa na tatizo la dawa nzima.

Kuna aina isiyo na vijazio hivi vyote? Na ile ya nguruwe?

Ipo levothairoksini ya maji, na ipo ya kapsuli laini kama Tirosint, iliyo na jelatini, gliserini na maji tu pamoja na homoni. Ni ghali na si rahisi kuzipata kwetu, lakini huwafaa wenye matatizo ya kufyonza au wanaosumbuliwa na kila kidonge. Wanaojali uhalali wa jelatini wamuulize mfamasia imetoka kwa mnyama gani.

Dawa ya tezi iliyokaushwa, kama Armour Thyroid, hutengenezwa kwa tezi za nguruwe. Mbali na suala la dini, ina T4 na T3 (homoni nyingine ya thairoidi) kwa pamoja: kipimo kimoja cha takribani miligramu 60 kina mikrogramu 38 za T4 na 9 za T3. T3 hufanya kazi haraka na moyo huihisi upesi, kwa hiyo haiwezi kubadilishwa na levothairoksini kidonge kwa kidonge. Anayetaka kuhamia huko au kutoka huko apangiwe dozi upya na daktari.